Kabla Mdomo Haujafunguka

Mtu huanza lini? Mjini kwetu swali hili lina jibu, na jibu lenyewe linakaa ndani ya bakuli.

Mtoto akizaliwa kwetu hapewi jina. Huchotewa mayai ya samaki kutoka bwawa la mji, kiasi cha kujaza kiganja, yakawekwa kwenye bakuli la kioo karibu na kitanda cha mama yake. Mayai yakianguliwa, na kisamaki cha kwanza kikafungua mdomo kikala, siku hiyo ndiyo siku ya jina. Mama huinama akamnong'oneza mtoto sikioni, na mtoto anakuwa mtu. Kabla ya hapo ni mgeni tu, na mgeni haulizwi mengi. Sijui nani alianzisha desturi hii. Niliwahi kuuliza nikaambiwa ni ya wazee, na nilipowauliza wazee wakaniambia ni ya wazee.

Ninayasema haya nikiwa nimelala ubavu. Niko ndani ya arobaini yangu, na mzazi aliye ndani ya arobaini hatoki nje, hanyanyui kitu kizito, wala habishani. Mawili ya mwanzo nimeyatimiza. Upande wa ukutani amelala binti yangu ambaye bado hana jina, ananukia maziwa. Upande wa pili kuna kiti, juu ya kiti kuna bakuli, na ndani ya bakuli mna mayai ya manjano, madogo kama punje za mtama. Mlangoni, juu ya kigoda, ameketi mzee mwenye mvi hadi kwenye nyusi, kinywani hana jino hata moja. Huyo ni Shaame, mwanangu wa kwanza.

Sikukosea. Ni mwanangu, nimemzaa mimi. Juzi nilimbeba mgongoni, leo magoti yake yanalia akisimama.

"Mama," ananiambia, "nisimulie nilipokuwa mdogo."

"Ulikuwa mzuri."

"Kisha?"

"Kisha ukakua."

Anatikisa kichwa, anaridhika, na baada ya muda anauliza tena. Sina zaidi la kumwambia. Utoto wake haukuwepo wa kutosha kusimuliwa, na hilo linaniuma kuliko uchungu niliomzaa nao.

*

Zamani maji ya bwawa yalitoka jabalini, baridi ya kutia vidole ganzi. Mayai yaliyowekwa katika maji yale yalikaa. Yalikaa mpaka watu wakayasahau, na katika kusahauliwa huko yakafanya kazi yao: kwanza doa, kisha macho mawili meusi yanayokutazama kutoka ndani ya ganda, kisha mkia unaojipigapiga kama mtu anayeota anakimbia. Kisamaki kilipotoka kilikuwa na akiba yake, kifuko cha kiini kinachoning'inia tumboni, chakula kilichofungiwa na mama kisiyemjua. Kilikula akiba ile pole pole. Mwili ukajijenga kwayo: uti ukanyooka, taya likajichonga, mapezi yakachanua, na akiba ilipokaribia kwisha ndipo mdomo ulipofunguka. Kwisha kwa kimoja na kuanza kwa kingine kulikuwa kumepatana tangu hapo kale, na hakuna aliyekuwa shahidi wa mapatano hayo. Nadhani hii ndiyo sababu waliofanya desturi waliichagua ile siku na si nyingine. Kuanguliwa si kuanza. Kutoka ndani ya ganda kila mtu hutoka. Kuanza ni pale unapofungua kinywa na dunia ikaingia, na wewe uko tayari.

Sasa sikiliza jinsi wema ulivyotuharibia.

Kwetu mzazi hukandwa kwa maji ya moto. Asubuhi na jioni maji hutokota na majani, kitambaa kinachovywa, kinakamuliwa, kinashindiliwa mgongoni, tumboni, kiunoni, mpaka mifupa iliyofunguka ijifunge. Sina la kulaumu hapo, utamu wake anaujua aliyezaa. Lakini maji ya moto yanataka kuni, na kuni zilikatwa juu kule, kwenye miti iliyokifunika kichwa cha chemchemi. Mti mmoja kwa mama mmoja, nani angenung'unika? Jua likapata pa kuingilia. Maji yakaanza kutufikia vuguvugu, kama yametoka kuugua. Na wakandaji wetu, kwa mapenzi tu, wakazoea kwamba yale maji yanayobaki baada ya kumkanda mama humiminwa ndani ya bakuli, ili mayai nayo yaonje joto la mzazi. Waliyamimina huku wakiomba dua.

Mayai yakaanguliwa mbio. Ukilala hayana macho, ukiamka yana mikia. Mji ukajaa vigelegele. Mwenye Mji, ambaye hatujapata kumwona ila picha yake ukutani, alifurahi kuliko sote, maana mtu asiye na jina haitwi, na asiyeitwa hatumwi. Methali ya haraka na baraka tuliijua, tena tulikuwa tumeitarizi kwenye mito ya viti. Tuliikalia.

Hapa kuna jambo ambalo ni mama peke yake anaweza kuliona. Watu wote hulitazama bakuli kwa juu, wamesimama. Mzazi hulitazama kwa ubavu, amelala, jicho lake liko sawa na jicho la samaki. Mimi nilikiona kisamaki cha Shaame. Kilitoka mapema, kidogo kuliko ilivyopasa, mgongo umepinda kama ndoana. Joto lilikuwa limekiunguzia akiba yake. Kifuko kilikuwa kimesinyaa na taya lilikuwa bado halijapata bawaba. Chakula kimekwisha, na mlango wa chakula haujatobolewa. Kikapanda juu ya maji kikaanza kupanua na kufumba kile kinywa kibichi, kupanua na kufumba.

"Anakula!" walisema waliosimama.

Hakikuwa kinakula. Maji ya moto hayana pumzi nyingi, na kile kilikuwa kinatweta. Nililisema hilo, na nilisema kwa sauti. Vigelegele vikanifunika. Walinisukuma kwa upendo hadi sikioni mwa mtoto, na jina likatamkwa juu ya kiumbe aliyekuwa akiomba hewa.

*

Joto haliongezi kitu. Linatumia tu.

Ulipewa kibaba chako, mtu akaja akakuwashia moto chini yake akakuambia, tazama jinsi unavyochemka, tazama jinsi unavyopanda. Kweli unapanda. Mvuke wote hupanda.

Aliyempa mtu mamlaka juu ya saa ya mwenzake ni nani? Kodi naielewa, viboko navielewa. Lakini kuingia hadi ndani ya ganda, mahali ambapo hata mama mzazi hakutia mkono, ukaharakisha moyo ambao bado ni doa, huo ni utawala wa aina gani, na kwa nini unakuja na kitambaa cha vuguvugu na dua?

Na yule aliyeharakishwa hajui. Hana baridi ya kulinganisha nayo.

*

Watoto waliopewa majina kwa maji ya moto walitokea kuwa na tabia moja. Waliitika jina lolote. Ukimwita Shaame "Hamadi," anaitika. Ukimwita "Juma," anaitika. Mtu akipita njiani akapaza sauti kumwita mbuzi wake, mwanangu anainuka.

"Naam!"

Alitumwa kule alikotumwa Hamadi. Alibeba mizigo ya watu wasiomjua, akakata kuni juu kule kwenye chemchemi, na kila aliporudi alikuwa amezeeka kwa kiasi nisichoweza kukisema. Siku moja aliondoka kijana, akarudi na mkongojo. Nilimwuliza, "Umekawia wapi, baba?" Akasema, "Nimekawia?" Baba yake naye, Faki, aliyenioa tukiwa rika moja, alikwisha kufa kwa uzee, na aliniacha na mimba ya huyu binti na nywele zangu zote nyeusi. Mimi nilizaliwa mwaka ambao kuni zilikosekana. Bakuli langu lilikaa baridi, nikachelewa kupata jina mpaka watoto wenzangu wakaniita Bado. Walifikiri wananitukana.

Na bwawa lenyewe limechoka. Watu wa bondeni walikuwa wakitania kwamba samaki wetu wa maji moto wengi wao wanatoka madume, tukacheka nao, mpaka msimu ulipofika madume wanafukuzana na hakuna wa kutaga. Haya mayai ya binti yangu yalitoka kwa jike la mwisho. Yakiharibika, hakuna pa kuchota mengine.

Kwa hiyo nililala nikiyatazama, na nikaamua kubishana.

*

Anayenikanda ni mama mkwe wangu, Bi Shuwea, mamake Faki. Mikono yake ni mizito na ina huruma, na nampenda, maana amenizikia mume akanifuta machozi kabla hajafuta yake. Alasiri ile alinikanda mpaka nikawa laini, kisha akakamua kitambaa, akainua birika lililobaki na maji, akaligeukia bakuli.

"Bismillahi," akasema.

Nikaweka kiganja changu juu ya bakuli.

"Utaungua, mwanangu. Toa mkono."

"Nisamehe, mama. Usimimine."

Alicheka. Alidhani ni utani wa mzazi, wazazi husamehewa mengi. "Unamnyima mwanao joto lako? Mimi nimekanda wazazi wa mtaa huu wote. Maji ya moto hayajamdhuru mtu."

"Hayajamdhuru aliyekwisha kuzaa. Mimi nimemaliza kazi, mama, nikande mpaka mifupa iimbe. Lakini kilichomo bakulini kinaanza. Anayeanza aachiwe baridi yake."

"Desturi je?"

"Desturi ni kungoja ale. Kumiminia tumejiongezea wenyewe."

Bi Shuwea alisimama na birika lake. Mvuke ulikuwa ukimpanda usoni na sikuweza kuona kama amekasirika. Kutoka mlangoni Shaame alikuwa akitutazama mmoja baada ya mwingine, mjukuu aliyemzidi bibi yake kwa mvi. Bi Shuwea akamtazama, akamtazama sana, kama mtu anayehesabu na hesabu haimtoki.

"Faki alizeeka kabla yangu," akasema. Alisema kwa sauti ndogo, si kwangu. "Nikadhani ni kazi. Nikasema, mwanangu anafanya kazi mno."

"Ulimmiminia?"

"Kila siku. Sikukosa hata siku moja." Akaketi ukingoni mwa kitanda, birika mapajani, nguo ikalowa asijali. "Nilimpenda sana, wewe. Nilikuwa nachemsha maji yake peke yake."

Nilimshika mkono. Ni kweli kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye, lakini methali haikuwa na kazi mle chumbani wakati ule, nikaimeza.

Baadaye alinyanyuka akaenda nalo birika nje, nikasikia maji yakimwagwa chini ya mgomba. Aliporudi aliuliza, "Sasa? Maji ya bwawa yenyewe yana joto. Hata nisipomimina."

Nikamwonyesha kona ya chumba, kwa kidole, maana kunyanyua siruhusiwi. Pale mchangani palikuwa na mtungi wetu wa maji ya kunywa.

"Wa wageni huo," akasema Bi Shuwea.

"Naye ni mgeni."

*

Mtungi hupoza kwa kutoka jasho. Udongo wake unapitisha maji kidogo kidogo hadi nje, upepo unayachukua, na yanayobaki ndani hupata baridi. Ni chombo kinachotoa ili kihifadhi, na nimelala siku nyingi nikilifikiria hilo bila kulimaliza.

Bi Shuwea aliyahamisha mayai kwa kata, taratibu. Ubaya wa mtungi ni kwamba hauoneshi. Bakuli lilinipa kila kitu: doa, jicho, mkia. Mtungi ulinipa tumbo jeusi la udongo na kimya. Hapo ndipo nilipojua kwamba kungoja kwangu kote kwa zamani kulikuwa kutazama tu, na kutazama ni namna ya kusukuma. Sasa nilingoja kweli. Kulikuwa na nyakati nilishawishika kuomba kata nichungulie, nikajizuia, na nyakati nyingine sikujizuia.

Shaame ndiye aliyejipa kazi. Hakuna aliyemtuma, na hilo lilikuwa geni, maana sikuwahi kumwona akifanya kitu pasipo kuitwa. Alisogeza kigoda chake hadi kwenye mtungi, akachukua kitambaa kile kile cha kukandia, akakichovya katika maji ya kawaida, akawa anaufuta mtungi kwa nje ili usikauke. Mchana joto lilipozidi aliupepea kwa ungo. Mara kwa mara alichota kata akaimimina tena kutoka juu, ili maji yapate pumzi. Alikuwa akiukanda mtungi kwa baridi, na midomo yake isiyo na meno ilikuwa ikisema kitu. Nilitega sikio. Alikuwa akisema, "Ulikuwa mzuri. Kisha? Ulikuwa mzuri."

Siku zikapita, au zilikuwa zile zile zikirudi. Mtaa mzima mizinga ya sherehe ililia kwa ajili ya watoto wa wengine.

"Hodi humu!"

Alikuwa Mjumbe, mtu wa Mwenye Mji katika mtaa wetu, kikofia kimekaa upande.

"Karibu, uishie mlangoni. Humu mna mzazi."

"Nimeishia. Kisamaki kimekula?"

"Bado."

"Mwenzio wa nyumba ya pili amejifungua nyuma yako, na mwanawe keshapata jina."

"Mpe hongera zangu."

"Dada, wewe unachukulia mzaha. Siku ya Majina, ya kuita watoto wote, inakuja, na mtoto asiye na jina mimi nitamwitaje?"

"Usimwite."

Mjumbe alitazama huku na huku akamwona Shaame. "Wewe, Khamisi! Njoo unishikie mwavuli."

"Naam!" Mwanangu akainuka, magoti yakalia, kitambaa kikaanguka. Nusu ya njia akasimama, akautazama mtungi uliokuwa ukikauka ubavuni. Alibaki katikati ya chumba, mkono mmoja umeelekea huku na mmoja kule, uso umejaa taabu. Kisha akaenda na Mjumbe. Nililia siku ile, na Bi Shuwea akaokota kitambaa akaendelea.

Alirudi jua likiwa limeinama, amezeeka tena. Sauti ilikuwa imebaki uzi. Akakaa kwenye kigoda, akaomba kitambaa chake. Nilijua, kama mama anavyojua, kwamba akiitwa mara nyingine moja hatarudi. Sasa walikuwa wawili ninaowangojea, mmoja asiyeanza na mmoja anayekwisha, na mtungi mmoja baina yao.

*

Asubuhi ambayo haikuwa na dalili yoyote, Bi Shuwea alichota kata, akaileta kitandani.

Kilikuwa kimoja, chembamba, kimenyooka kama sindano. Kifuko kilikuwa karibu kwisha. Kikatulia ndani ya kata kikipunga mapezi bila papara.

"Kimimine kwenye bakuli," nikasema, "lenye maji ya mtungini."

Akakimimina. Shaame akasogea akipapasa ukuta. Nikawaomba wasisimame, na kwa mara ya kwanza katika mji ule watu walilitazama bakuli kwa ubavu: mimi nimelala, bibi amepiga magoti, mwanangu ameweka shavu lake la mzee ukingoni mwa kiti. Bi Shuwea alikuwa amechemsha yai la kuku. Nikachukua kiini, nikakisagia kati ya vidole mpaka kikawa unga, nikanyunyiza kidogo sana juu ya maji.

Unga ukazama pole pole. Kisamaki kikauacha upite. Punje nyingine ikashuka, kikaiacha pia, na sikumhimiza mtu wala kitu. Halafu kikageuka, kikapima, kikafungua mdomo. Mdomo ulikuwa na bawaba. Punje ikaingia, na mdomo ukafumba.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Tuliona aibu kukishtua.

Nikainama sikioni mwa binti yangu nikamnong'oneza jina lake. Alifumbua macho akanitazama, na akaendelea kunitazama. Furaha niliyoipata sina neno lake.

Nilipoinua uso vidole vyangu vilikuwa bado vina kiini. Shaame alikuwa mbele yangu, macho yake bado bakulini. Unajua jinsi mtu anavyomlisha mtoto, naye mwenyewe kinywa kinamfunguka bila kujua? Ndivyo alivyokuwa, kinywa kimebaki wazi kwa kile alichokiona, ufizi mtupu. Nikapeleka kidole. Nikamwekea chembe ya kiini juu ya ulimi.

Akafumba mdomo na akala.

"Shaame," nikamnong'oneza sikioni, lile lile jina.

"Naam, mama."

"Hodi humu!" Mjumbe alikuwa uani. "Khamisi! We Khamisi! Hamadi! Njoo huku, kuna kuni za kukata!"

Bi Shuwea alinishika bega. Nilimtazama mwanangu, nikasubiri magoti yalie.

Hayakulia. Alikuwa amekaa kimya kwenye kigoda, anatafuna.